Ukurasa Unaosomwa Kaburini

Baba yangu mdogo tulimzika Kishapu, Shinyanga, saa kumi jioni, jua likiwa bado kali juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa pamba. Kabla jeneza halijashushwa, kijana mmoja wa ukoo alisimama na karatasi mkononi kusoma historia fupi ya marehemu. Alizaliwa mwaka fulani. Alisoma hadi darasa la saba. Alioa, akajaliwa watoto sita. "Katika uhai wake marehemu alijishughulisha na kilimo pamoja na uchimbaji mdogo wa madini." Kisha ukafuata ugonjwa, hospitali, tarehe ya kufariki na orodha ya aliowaacha. Dakika nne hazikutimia. Karatasi ilikunjwa ikaingia mfukoni kwa msomaji, na sidhani kama ilitoka tena.

Nilikuwa nimesimama karibu na wanaume wanne waliokuja na Hiace kutoka Geita. Waliposikia maneno yale, uchimbaji mdogo wa madini, walitazamana, kisha wakainamisha vichwa. Wao walijua. Miaka ishirini na miwili ya kuzama kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu, ilikuwa imepita mbele yao kwa pumzi moja ya msomaji.

Matanga yalipokwisha tulifungua sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na kauntabuku yenye jalada jeusi. Ukurasa wa kwanza umeandikwa KITABU CHA MAISHA YANGU, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari kwa rula. Ukurasa wa pili ni yaliyomo: sura kumi na nne. Ya kwanza, Kuzaliwa Kwangu na Ukoo Wetu. Ya mwisho, Ushauri kwa Vijana. Sura ya kwanza yenyewe ina kurasa tatu, imekatikia katikati ya sentensi inayomhusu babu. Baada ya hapo ni kurasa tupu.

Mpwa wangu ndiye aliyeligeuza daftari. Kutokea nyuma, juu chini, lilikuwa limejaa mpaka pembezoni. Mifuko mingapi ya mawe imetoka leo, mwenye leseni kachukua mingapi, mwenye duara mingapi, ya wazamaji mingapi. Karasha, mashine ya kusaga mawe, imedai kiasi gani. Nani kazama usiku. Matimba ya kushikilia kuta za duara yamenunuliwa. Maji yameingia, pampu imekodiwa. Fulani hakuja, mtoto anaumwa. Halafu, kurasa kwa kurasa, maneno mawili peke yake: leo hakuna. Leo hakuna. Leo hakuna.

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kufuatilia miradi ya Kanda ya Ziwa: visima, majosho, mabwawa, maghala. Nimesoma maandiko mengi ya miradi na nimekwenda kuiona ilivyo baada ya miaka mitano. Lakini umbali kati ya kilichopangwa na kilichotendeka sijauona wazi kama nilivyouona ndani ya daftari lile, upande mmoja na wa pili, mwandiko wa mtu mmoja. Tangu siku hiyo nimeketi na watu kadhaa wanaotaka kuandika maisha yao, wachimbaji, walimu wastaafu, mama mmoja aliyeuza uji mgodini, na karibu kila mmoja alikuja na yaliyomo yenye sura kumi na kitu, na sura ya kwanza iliyokwama kwa babu.

Shinyanga ina somo lake kubwa kuhusu umbali huo kati ya kilichopangwa na kilichotendeka, ila ililipata kwa miti. Mkoa ulipoteza misitu yake kwa miongo mingi. Serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka ili kumwondoa mbung'o, pamba ikadai ardhi, mifugo ikaongezeka, kisha Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo waliyozoea kuyatunza. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI tu. Mwanzoni ulikwenda kama inavyokwenda mingi: vitalu vya miche, miti migeni, wanakijiji wakiitwa kupanda. Kilichouokoa mradi kilikuwa tayari kipo kijijini, kina jina la Kisukuma: ngitili. Ni sehemu ya malisho ambayo familia huifunga mvua zinapoanza na kuifungua kiangazi, kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe waliodhoofu. Ukiifunga, visiki na mizizi iliyolala chini ya udongo huchipua yenyewe. Mradi ulipoacha kupeleka msitu kutoka nje, ukaanza kusaidia kufunga ngitili na kuheshimu sheria za dagashida, baraza la Wasukuma, uoto ulirudi. Ngitili zilizohesabiwa mwaka 1986 zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipofikia kikomo mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilikuwa imeshapata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Kwa hiyo mtu akija kwangu na sura zake kumi na nne, huwa namwomba aziweke pembeni kwa muda, kisha namuuliza visiki vyake viko wapi. Stakabadhi za pamba za chama cha msingi. Kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza. Picha ya studio yenye pazia la maua na tarehe nyuma yake. Barua. Kwa mchimbaji, karatasi za mauzo: soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mauzo yaliyokuwa yakifanyika gizani, mkononi kwa mkononi, yalianza kuacha karatasi yenye tarehe, uzito na bei. Mtu mwenye karatasi thelathini za namna hiyo ana miaka yake mezani. Anaweza kushika moja na kusema, siku hii nilinunua bati, na hii nyingine nililipa faini, na hii ndiyo tuliyogombania mpaka tukaachana na mshirika wangu.

Najiuliza ile hofu ya ukurasa mtupu imetoka wapi kwa watu wanaoweza kusimulia usiku kucha. Jibu langu linarudi kwenye mradi mwingine. Kati ya mwaka 1968 na 1972, UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa waliendesha hapa majaribio ya kisomo cha watu wazima chenye manufaa, katika mikoa minne: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza, hivyo ukanda wote huu ulikuwa ndani. Watu walijifunza kusoma kupitia vitabu vya pamba, migomba, ufugaji na uvuvi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata likatoka lengo la kufuta ujinga nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975. Lengo halikutimia kwa tarehe ile, lakini kilichopatikana kilikuwa kikubwa: wakati wa sensa ya 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma, na mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba waliobaki hawafiki mmoja kati ya kumi. Mwaka 1974 Kanda ya Ziwa ilipata hata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho.

Ninauheshimu mradi ule. Mama yangu aliandika jina lake kwa mara ya kwanza katika darasa lililokuwa chini ya mwembe. Lakini lililofundishwa lilikuwa kusoma maneno ya mtaalamu: nafasi kati ya shina na shina, siku ya kupulizia dawa, namna ya kusoma mizani ili karani asikupunje. Hakuna aliyeambiwa: sasa andika yaliyokupata wewe. Daftari lilikuwa chombo cha kupokelea. Kizazi kile kikabaki kinaamini kwamba kitabu hutoka juu, kina sura zilizopangwa, na ni lazima kimalizike kwa ushauri kwa vijana. Baba mdogo aliandika upande wa mbele kwa imani hiyo. Upande wa nyuma aliandika kwa sababu asingeandika watu wangepigana wakati wa mgawo.

Ugumu wa pili ni miaka. Wazee wengi wa huku hawapangi maisha kwa tarakimu. Wanasema mwaka wa njaa, mwaka wa mafuriko, mwaka ule wa rashi ya dhahabu watu walipohama kijiji kizima. Kazi yangu ni kuifunga kumbukumbu hiyo kwenye siku ambazo nchi nzima inazijua. Ulikuwa umeoa siku Waziri Mkuu Sokoine anafariki? Hiyo ni Aprili 1984. Vita vya Kagera vilikukuta wapi? Mwalimu alipofariki, Oktoba 1999, ulikuwa duarani au nyumbani? Swali moja la namna hiyo hufungua saa nzima ya maneno.

Hakuna mwaka unaofungua midomo ya watu wa ukanda huu kama 1996. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Kila mtu mzima wa Kanda ya Ziwa anakumbuka alikuwa ameshika nini mkononi redio ilipotangaza. Miezi michache baadaye, Agosti, wachimbaji wadogo waliamriwa kuondoka Bulyanhulu, Kahama, ili kupisha mgodi wa kampuni. Maelfu walitawanyika. Yalitolewa madai kwamba kuna waliofukiwa ndani ya maduara. Serikali na kampuni waliyakanusha, na ubishi huo ukaingia kwenye ripoti, magazeti na meza za mashirika ya kimataifa. Kwenye makaratasi hayo mchimbaji yupo kama idadi inayobishaniwa. Nikimwuliza mtu aliyekuwepo, haanzi na ubishi. Anaanza na sufuria. Alikuwa na sufuria mbili kubwa na godoro, akaamua kubeba godoro. Anakumbuka lori, anakumbuka nauli na nani alimkopesha. Mtu huyo akiandika kurasa kumi za wiki ile tu, kwa uaminifu, akitenganisha alichokiona kwa macho na alichosimuliwa, ameongeza kitu ambacho ripoti zote zile hazina. Ningependa aandike hizo kumi hata kama hataandika nyingine maishani mwake.

Kutenganisha alichoona na alichosimuliwa: hapo sina huruma na mwandishi, hata akiwa mzee wa kunizaa. Kwenye duara habari hukua zinapopanda juu. Mtu asiyeweka alama kati ya mambo hayo mawili ataandika hadithi nzuri, na siku moja mtoto wa aliyetajwa atakuja na shahidi.

Wapo waliotangulia. Moja ya tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili ni ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyezivuka nchi za Wanyamwezi na misafara yake ya pembe na watumwa, kisha akaandika maisha yake kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode. Yalichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Waliobeba pembe zile hawakuachiwa karatasi. Shaaban Robert, karani wa serikali, alitoa Maisha Yangu mwaka 1949 na kuonyesha kwamba mtu asiye na cheo kikubwa wala msafara anaweza kuyatazama maisha yake kwa Kiswahili safi na msomaji akamfuata. Na mwaka 2021, tarehe 8 Mei, siku alipotimiza miaka 96, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyewahi kuwa Rais wa Tanzania, alizindua kitabu chake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu.

Jina la Mzee Mwinyi haliwezi kutajwa Shinyanga bila watu wa umri fulani kunyamaza kidogo. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakati ambapo vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kutuhumiwa uchawi, baadhi ya waliokamatwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuwa ameagiza mateso yale, lakini mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu, akaubeba mzigo wa kisiasa. Nchi inakumbuka kujiuzulu huko kama mfano wa uwajibikaji, na ni haki kukumbuka hivyo. Ila tukio lile lilikuwa na watu wengi: waliokamatwa wakarudi, wake waliopeleka chakula mahabusu wakaambiwa warudi nacho, watoto waliolelewa na wajomba. Historia ya waziri imechapwa na kuzinduliwa ukumbini. Yao imebaki uani, kwa Kisukuma, na kila msiba unaondoka na kipande.

Kwa Kisukuma, nasema, kwa sababu lugha ndiyo mlango ambao wengi wanaugonga vibaya. Mtu amelia kwa Kisukuma, amepatana bei kwa Kisukuma, kisha anakaa kuandika Kiswahili cha barua ya maombi ya kazi: "Mimi mtajwa hapo juu." Maisha yote yanatoka yamevaa suti ya kuazima. Ninachoshauri ni kusimulia kwanza, simu ikiwa inarekodi, kwa lugha ile ile ambayo jambo lilitendeka. Baadaye ndipo liandikwe kwa Kiswahili, taratibu, na maneno yasiyo na mwenzake yaachwe yalivyo. Njia hii ina heshima yake. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi kinamama watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, kisha wakayatoa maisha yao kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Ukisoma unasikia mtu anaongea, anarudi nyuma, anajisahihisha.

Sauti nayo ina kazi yake. Saa moja ya maneno huhitaji saa tano au sita kuiandika. Vijana wengi huanza kwa moyo kumrekodi bibi, wakajaza simu, simu ikaibwa au ikaangukia ndooni. Nimeona maisha ya watu wawili yakipotea hivyo. Sasa nasisitiza kila rekodi iandikwe wiki ile ile, hata ukurasa mmoja, na nakala ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine.

Halafu kuna walio hai. Ukanda wa dhahabu una ndoa nyingi zilizoanzia mgodini na ambazo nyumbani hazijulikani. Kuna madeni, kuna mshirika aliyedhulumiwa, kuna mganga aliyelipwa, kuna usiku ambao mtu hataki wanawe waujue. Mwandishi anayeanza hudhani ana njia mbili, aseme yote au afiche yote. Mama aliyeuza uji aliniambia alivyofanya yeye: alikwenda kwa mwanawe wa kwanza, akamsomea ukurasa unaomhusu baba yake kabla hajaupeleka popote. Mtoto alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alirudi akasema, uache, ila toa jina la yule mwanamke, ana wajukuu. Jina likatolewa na ukurasa ukabaki na nguvu yake yote. Sijaona utaratibu bora zaidi ya huo.

Watu wanapozungumzia maisha ya mgodini hutaja Nyangalata. Novemba 2015 wanaume watano walitolewa wakiwa hai kwenye duara lililofukiwa huko Kahama baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa vyura, wadudu na mizizi. Dunia nzima iliwatangaza kwa siku mbili, kisha ikageukia mambo mengine. Habari ilichukua zile siku 41 tu. Anayeandika maisha anahitaji miezi iliyotangulia: nani alimkopesha mtu kodi ya pampu, kwa nini alizama siku hiyo badala ya mwenzake. Anahitaji na asubuhi ya kwanza nyumbani, mtoto anapomwogopa baba kwa kukonda. Haya hayapatikani kwa mwandishi wa habari aliyesimama mlangoni mwa hospitali na saa moja ya kuwahi gazeti.

Sasa tuseme kurasa zipo. Hapa ndipo miradi mingi niliyoiona inavunjika, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Geita, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kubwa ya Kikerewe juu ya Myombekere na Bugonoka. Hakuna aliyeichapa. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee mgonjwa. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya nukta ya mwisho, ikiwa imechapwa China. Alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mikononi. Ile ni riwaya, si tawasifu, lakini kila ninapomwona mtu anayeahirisha namkumbuka Kitereza, ambaye hakuahirisha chochote. Alimaliza kazi yake, na bado njia kutoka mezani hadi kwa msomaji ikawa ndefu kuliko maisha aliyobakiza.

Njia hiyo leo ni fupi, lakini ina mashimo. Mchapishaji mkubwa wa Dar es Salaam anaishi kwa vitabu vya shule, na maisha ya mchimbaji asiyejulikana hayamo kwenye mtaala. Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, ilianza na riwaya na ushairi. Tuzo ya Kiswahili inayohusishwa na Chuo Kikuu cha Cornell hupokea na miswada ya kumbukumbu za maisha, na ninawahimiza watu wapeleke. Wengi, hata hivyo, mchapishaji wao wa kwanza ni steshenari ya mtaani, Kahama au Katoro, pale binti anapochapa kwa kompyuta, anatoa kopi na kufunga kwa waya. Watu huidharau hatua hii. Mimi naiona ndiyo yenye maana kuliko zote. Nakala ishirini za waya zikigawiwa kwa watu ishirini waliokuwepo, zitarudi na kalamu nyekundu: hapa umekosea, duara lile lilifunguliwa kabla ya mvua, huyu hakufa, yuko Chunya.

Baada ya marekebisho hayo ndipo kiende kwa mchapaji. ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na mtu binafsi anaweza kuiomba. Hakimiliki haisubiri ofisi yoyote: kwa sheria namba 7 ya mwaka 1999 kazi inalindwa tangu ilipoandikwa, na ulinzi huo unaendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Kuandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia ukifika wakati wa kuthibitisha. Kilicho kigumu ni idadi. Mchapaji wa pleti atakuonyesha kwamba ukichapa nakala elfu moja, kila moja inakuwa rahisi kuliko ukichapa mia, na hesabu yake ni sahihi. Lakini hesabu yako ni nyingine: nani, kwa jina, atanunua? Mimi kitabu changu cha kwanza nilichapa nakala 500 na nililipa zote kabla ya kushika hata moja. Zilipofika, kurasa kumi na sita zilikuwa zimefungwa mara mbili na kumi na sita nyingine hazikuwepo. Sikuwa na fedha za kurudia, wala sikuwa na karatasi ya makubaliano. Nililia, nasema kweli. Tangu hapo naomba nakala moja ya mfano, naisoma ukurasa kwa ukurasa, naweka sahihi, ndipo mashine iendelee.

Na uzinduzi. Ukumbi, mgeni rasmi, bahasha, picha. Fedha huingia siku ile na ni halali yake mwandishi. Baada ya hapo maboksi yanahamia chini ya kitanda. Maduka ya vitabu ya Shinyanga na Geita ni ya daftari na vitabu vya shule. Wasomaji wa kitabu cha namna hii wako kwenye karasha wakisubiri zamu, wako stendi, wako kwenye vikoba vya kinamama, wako misibani. Yule mama wa uji aliweka nakala zake kwenye beseni pamoja na vikombe. Aliuza chache kila siku, kwa watu waliomjua, na waliomjua ndio waliotaka kusoma wameandikwaje.

Kauntabuku ya baba mdogo iko kwangu. Familia ilinipa kazi ya kuitoa, nami nimeamua kuanzia nyuma. Kuna mstari mmoja ulionishinda miezi mingi. Uko chini ya ukurasa wa siku tisa mfululizo za leo hakuna: "Mama wa maji, ndoo tatu, bado." Neno bado limepigiwa mistari miwili, kama lile jina la kitabu upande wa mbele.

Mwaka jana mmoja wa wale wanaume wanne wa kwenye Hiace alinipeleka Rwamgasa kwa bibi mmoja aliyeuza maji mwaloni, panapooshwa dhahabu, enzi zile. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," nikamsomea mstari ule. Aliomba aushike mwenyewe. Hajui kusoma, lakini alilishika daftari kwa mikono miwili muda mrefu, akapitisha kidole juu ya wino.

"Ndoo zilikuwa nne," akasema. "Ya nne alimnywesha yule kijana aliyetolewa chini hana fahamu, hakutaka niihesabu kwake. Washa simu yako nikuambie yule kijana alikuwa mtoto wa nani."

Nikaiwasha.